Fundi Bomba Anajibu: Jini wa Dakika Saba

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, tanki la choo cha kukaa. Kwa hiyo wenye masinki ya jikoni yaliyoziba mnivumilie hadi toleo lijalo. Hapa mezani nina mtambo niliouchomoa jana kwenye nyumba moja ya Magomeni, kipira chake cha chini kimekakamaa kama ganda la korosho. Nitaurudia huko mbele.

*Fundi mwanangu, salaam. Mimi ni bibi wa wajukuu sita, nakaa Ngamiani, Tanga. Nikiamka usiku kuswali nasikia maji chooni yanafanya shaaa, halafu kimya. Baada ya dakika saba nane, shaaa tena, na chooni hakuna mtu. Wajukuu wanasema ni jini, siku hizi wanasindikizana kwenda haja. Bili nayo imepanda kutoka uniti 12 hadi 21, na nyumbani hakuna mgeni aliyeongezeka. Nimfuate shehe au nikufuate wewe? — Bibi wa Ngamiani*

Shikamoo mama. Dua ya kuingilia chooni endelea nayo, hiyo si kazi yangu. Ila huyo anayekuamshia wajukuu namfahamu, nimemtoa kwenye nyumba nyingi na hajawahi kunirushia jiwe. Ni maji yanayotoroka.

Kinachotokea ni hiki. Chini kabisa ya tanki kuna tundu kubwa ambalo maji hutokea unapoflashi. Tundu hilo limezibwa na kipira. Kipira kikichoka, au kikishikwa na mchanga na chumvi, maji yanapenya kidogokidogo na kuteremka kwenye sinki la choo bila sauti. Huoni kitu, kwa sababu yanapita nyuma ya ukingo kama jasho. Tanki likipungua sentimita mbili tatu, boya linashuka na kufungua koki, na hiyo ndiyo shaaa unayoisikia. Tanki likijaa koki inafunga, kunakuwa kimya, na kipira kinaendelea kuvuja.

Sasa tufanye hesabu kwa dakika zako mwenyewe. Tanki la kawaida, ukipima kwa ndani, lina kama sentimita 36 kwa 15. Kila sentimita moja ya kina ni zaidi kidogo ya nusu lita. Likishuka sentimita tatu kasoro, ni lita moja na nusu. Lita moja na nusu kila dakika saba ni kama lita 13 kwa saa, lita 300 na ushei kwa siku. Kwa mwezi inapita lita 9,000, na uniti moja ya bili ni lita 1,000. Kutoka 12 hadi 21 ni ngapi, mama? Uniti tisa. Madumu 450 ya lita 20 yamepita chooni usiku na mchana bila mtu kujisaidia.

Kabla hujamlipa fundi yeyote, jaribu hivi. Chukua rangi ya biriani, ile ya unga, nusu kijiko. Fungua mfuniko wa tanki, uweke chini sakafuni juu ya kanga iliyokunjwa (mifuniko hii ikianguka haiungwi, na dukani hawauzi mfuniko peke yake). Koroga rangi ndani ya tanki. Zuia watu wasiflashi kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta maji ya kwenye sinki yamekuwa ya biriani, jini ni huyo.

Lakini kabla ya kulaumu kipira, tazama kitu kimoja zaidi. Katikati ya tanki kuna bomba lililosimama, wazi juu. Hilo ni bomba la kufurikia, kazi yake ni kumeza maji yakizidi ili yasimwagike sakafuni. Maji yakisimama sawasawa na mdomo wake, yanaingia humo muda wote na kuishia kwenye sinki. Hapo kosa si la kipira, ni boya limewekwa juu mno au koki haifungi vizuri. Maji yanatakiwa yasimame chini ya mdomo huo kwa upana wa kidole gumba, sentimita mbili hadi mbili na nusu. Kutofautisha ni rahisi, mama. Kipira kikivuja, maji yanashuka na boya linaamka kwa vipindi, kama kwako. Boya likiwa juu mno hakuna vipindi, koki inanong'ona tu bila kukoma. Kama maji yako yanatoka moja kwa moja bomba la mtaani, sikiliza usiku wa manane, maana presha hupanda watu wakilala, na koki iliyovumilia mchana ikashindwa usiku.

Kwa ulivyoeleza, chako ni kipira. Mwambie mjukuu mkubwa afunge koki ndogo ya ukutani, aflashi tanki liishe maji, ashike mtambo wa katikati na kuuzungusha robo mzunguko kinyume na saa. Mingi inachomoka hapo hapo. Chini yake atakuta kipira bapa cha duara. Kama bado ni laini, akisafishe kwa kitambaa, apitishe kidole kwenye mdomo wa tundu kuondoa chumvi, arudishe. Kama kimekakamaa kama hiki cha Magomeni, aende nacho dukani akilinganishe mkono kwa mkono. Bei yake ni ndogo kuliko nauli yangu ya kuja Tanga.

Na usiweke tena vile vidonge vya bluu ndani ya tanki, kama unaviweka. Hujaniambia, lakini nauliza kwa sababu nyumba ya Magomeni walikuwa navyo viwili. Vyenye klorini vinakula mpira. Maji yanapendeza macho, kipira kinakufa.

*Shikamoo Fundi. Sisi ni wapangaji wanne tunaotumia choo kimoja, Sinza. Ukiflashi mara moja haiendi, lazima mara mbili, wakati mwingine na ndoo juu. Fundi aliyekuja amesema sinki ni bovu, linunuliwe jipya, na mwenye nyumba anataka tuchange. Je, ni kweli? — Mpangaji, Sinza*

Marahaba. Msichange bado.

Jaza ndoo maji kama lita nane, simama, umimine kwenye sinki kwa mkupuo mmoja. Yakienda yote na mzigo wake, ukasikia ule mlio wa mwisho wa kufyonza, sinki ni zima na bomba la nje ni zima. Tatizo liko kwenye tanki. Yakipanda na kuzubaa, shida iko mbele: bomba limeziba au shimo limejaa, na sinki jipya mtakalochangia litazubaa vilevile.

Tuseme yamekwenda. Fungua tanki, tazama maji yamesimama wapi. Matanki mengi yana mstari ndani, umechorwa au umechongwa, unaoonyesha maji yafike hapo. Nimekuta mara nyingi mafundi wameshusha boya hadi nusu ya tanki ili bili ipungue, kisha watu wanaflashi mara mbili. Lita 4 mara mbili ni 8. Tanki lilitengenezwa liflashi lita 6 mara moja likamaliza. Hapo umepunguza nini?

Kama kimo ni sahihi, bonyeza kitufe huku ukichungulia. Tanki lenye vitufe viwili, kidogo cha haja ndogo hutoa kama lita 3, kikubwa 6. Chini ya vitufe kuna vijiti viwili vyenye nyuzi kama za skrubu vinavyosukuma mtambo. Kijiti kikiwa kifupi hakifiki, mtambo unafunguka nusu na kujifunga mapema, tanki linabaki na maji na sinki linabaki na aibu. Kikiwa kirefu mno, kinaukandamiza mtambo muda wote, haufungi, mnarudi kwenye ugonjwa wa bibi wa Tanga. Virefushe au vifupishe kwa kuzungusha, nyuzi mbili tatu kwa wakati. Tanki la mkono wa pembeni na mnyororo nalo lina adabu hiyohiyo: mnyororo ulegee kidogo tu, sentimita moja. Ukilegea sana haunyanyui kipira vya kutosha, kinaanguka kabla maji hayajaisha.

Halafu chukua kioo cha kujitazamia, kiweke chini ya ukingo wa sinki. Utaona vitundu. Kwa Sinza wengi mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi hiyo huviziba kimoja kimoja mpaka maji yanatoka kwa huruma. Waya laini, siki, na subira ya jioni moja. Fundi aliyesema sinki ni bovu sijui aliangalia nini, ila kama hakufungua mfuniko wa tanki, hakuangalia.

*Kaka Fundi, mimi ni mzaliwa wa Kigoma, sasa naishi Columbus, Ohio. Koki ya tanki iliharibika, nikanunua mpya dukani nikafunga mwenyewe kwa kufuata picha. Inajaza vizuri, haivuji. Lakini tangu siku hiyo maji ya kwenye sinki yanabaki machache sana, kuna harufu, na kuflashi kumekuwa kwa shida. Ndani ya boksi kilibaki kipira chembamba kirefu, nikadhani ni cha akiba, nikakiweka kwenye droo. — Mwana wa Kigoma*

Ndugu yangu, kitoe kwenye droo.

Barua yako imenifurahisha kuliko zote, maana ugonjwa na dawa umevituma pamoja. Hicho kipira chembamba si cha akiba. Koki inapojaza tanki, sehemu ya maji inapita kwenye kipira hicho, inaingia kwenye bomba la kufurikia na kushuka kujaza sinki. Yaani koki moja inajaza vyombo viwili kwa wakati mmoja. Wewe umeiacha ijaze kimoja.

Kwa vyoo vya huko ulipo hili ni jambo kubwa. Sinki la Kimarekani linafyonza: njia yake ya nyuma ni nyembamba, imejikunja, na maji yakiijaza yote yanavuta kila kitu kwa mkupuo, kama unavyovuta petroli kwa mpira. Ili mvuto uanze, sinki liwe limeshajaa hadi kimo chake. Likiwa na maji machache, nusu ya flashi yako inatumika kujaza pengo, kinachobaki hakitoshi kuvuta. Na baada ya mvuto sinki hubaki karibu tupu, halina wa kulijaza isipokuwa kile kipira kilicholala kwenye droo na betri za rimoti. Harufu nayo inatoka hapohapo, kwa sababu maji yale kwenye mkunjo ndiyo mlango kati ya pua yako na bomba la maji machafu.

Vyoo vyetu vya huku vingi havifyonzi, vinasukuma. Njia ni fupi na pana, na mkia wa flashi yenyewe huacha maji ya kutosha kwenye mkunjo. Ndiyo maana fundi wa huku anaweza kusahau kipira hicho mwaka mzima na mwenye nyumba asijue. Huko ukikisahau siku moja, unajua.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi hutoka kosa moja wakaingia la pili. Ncha moja ichomeke kwenye chuchu ndogo juu ya koki. Ncha ya pili usiizamishe ndani ya bomba la kufurikia. Kwenye boksi kulikuwa na kibanio kidogo cha plastiki, nacho kitafute, labda kiko droo hiyohiyo. Kinashika ncha ya kipira juu ya mdomo wa bomba, maji yadondokee humo kutoka hewani. Ukikisokomeza mpaka ncha ikawa chini ya kimo cha maji ya tanki, kipira kinaanza kunyonya chenyewe, kinamwaga tanki taratibu kwenye sinki, koki inafunguka kujaza, kinanyonya tena. Utabadilisha kipira cha chini, utabadilisha koki, utabadilisha tanki, na maji yataendelea kupotea. Kama kipira ni kirefu, kikate. Wamekiacha kirefu kwa sababu hawajui tanki lako.

Tazama pia nyuma ya kiti, kwenye udongo wa choo, pameandikwaje. Huko Marekani vyoo vilivyotengenezwa kuanzia 1994 sheria ilivitaka visizidi galoni 1.6 kwa kila flashi, lita 6. Vya kabla ya hapo vingi vilikula galoni 3.5, lita 13. Kama chako ni cha zamani, usikibane kiwe cha lita 6 kwa kushusha boya. Umbo la sinki lile lilichongwa kwa maji mengi, litagoma. Na ukinunua kipira cha chini huko, pima tundu kwanza, kuna vya inchi 2 na vya inchi 3, havisaidiani.

*Fundi, naweka tofali ndani ya tanki kupunguza maji. Mke wangu anasema naharibu. — Mbishi wa Mbagala*

Shemeji yangu yuko sahihi. Tofali linamomonyoka, na chembe zake zinakwenda kukaa palepale kwenye kipira. Weka chupa ya lita moja, ijae maji, ifungwe kifuniko, ikae mbali na boya. Na kama baada ya hapo mnaflashi mara mbili, itoe.

*Habari za kazi Fundi. Nafundisha Dodoma, nimejenga, nina simtanki juu ya mnara wa mita tatu. Tanki la choo linajaa kwa dakika 25. Asubuhi tuko watano, unaweza kuona foleni. Nimeshauriwa ninunue pampu. — Mwalimu, Dodoma*

Nzuri, Mwalimu. Kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya ba 1 (ba ni kipimo cha presha). Wewe una mita tatu, ukitoa kimo cha tanki la choo chenyewe zinabaki kama mbili na nusu, robo ya ba. Koki nyingi za madukani zimetobolewa kwa presha ya bomba la mtaani, tundu lake la ndani ni kama milimita 3. Ipo aina ya presha ndogo yenye tundu la milimita 6. Somo la hesabu unalifundisha wewe: kipenyo mara mbili, eneo mara nne.

Kabla ya hapo, fungua ule mpira wa chuma unaoingia kwenye tanki, uelekeze kwenye ndoo, fungulia koki ya ukutani. Lita 6 zikijaa ndani ya dakika moja au mbili, bomba lako halina kosa na pampu haina kazi. Chomoa koki ya tanki, kwenye shina lake kuna kichujio kidogo kama kofia ya kalamu. Nyumba mpya vichujio hivyo hujaa mchanga wa ujenzi na vipande vya ile tepu nyeupe. Juu ya kichujio huwa kuna kikomeo cha plastiki cha kupunguza kasi. Kwa presha yako kitoe.

Ukinunua mpya, chukua ya mkono mrefu na boya la duara kama mpira kwa mbele, si zile fupi zinazojifunga kwa kiwambo, yaani utando mwembamba wa mpira. Zile hutegemea presha ya maji yenyewe kujibana, na robo ya ba haizibani vizuri. Utapata tanki linalojaa polepole na bado lisilofunga.

*Fundi, nyumba ya babu Mkunazini, Unguja, ina tanki la chuma juu ukutani, la kuvuta mnyororo. Linafanya kazi bado, ila fundi anataka aling'oe atie la plastiki, anasema hili linakula maji. — Mjukuu*

Niliyeanzia kazi kwenye matanki hayo nakujibu kwa upendeleo, ujue.

Linakula, ndiyo. Ya aina hiyo yalikuwa ya galoni mbili za Kiingereza, lita 9, na jipya litakutolea 6. Lakini Waingereza waliliita tanki hilo "kizuia upotevu wa maji", na hawakukosea. Panda ngazi uchungulie. Katikati pana uwezekano mkubwa utakuta kofia kubwa ya chuma, kama kengele. Ukivuta mnyororo inanyanyuka, ukiachia inaanguka na kusukuma maji yapite juu ya bomba la ndani, mvuto unaanza. Ndiyo maana choo cha babu kinaflashi ukiachia, si ukivuta. Chini hakuna kipira chochote. Maji hayawezi kutoka mpaka yapandishwe kwanza, na hayapandi yenyewe. Uingereza waliendelea kulazimisha mtindo huo wa kupandisha maji mpaka 2001, ndipo wakaruhusu matanki ya kipira cha chini, mwaka huohuo waliposhusha kikomo hadi lita 6.

Jingine: bomba la kufurikia la tanki hilo linatokea nje, ukutani, juu ya kichochoro. Boya likiharibika, maji yanamdondokea mpita njia kichwani, na kwa Mkunazini hutamaliza saa moja kabla hujagongewa mlango. La plastiki linafurikia ndani ya sinki. Litamwaga mwaka mzima na hakuna atakayekugongea.

Kama unataka kubana matumizi, ukunje ule mkono wa shaba wa boya kwenda chini, taratibu, nusu sentimita kwa wakati, ukijaribu kila mara. Ukipitiliza, kengele itapiga bila kuvuta. Kama chuma kimeliwa na kutu hadi kinatoboka, basi ling'oe, hapo sina la kusema. Ila kengele na ule mkono wa shaba usiwape wa vyuma chakavu. Niandikie kwanza, nauli ya boti nitalipa mwenyewe.